Kaseti ya Koti la Kijivu

4 Februari

Mwanangu mpenzi, fundi wangu wa lifti,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo, kisha nakusalimu tena wewe, maana mimi ndiye niliyekuzaa na nina haki ya salamu mbili. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima. Mguu wa kushoto ndio una maneno, lakini nikianza kukanyaga kibao cha cherehani unasahau kulalamika.

Barua yako nimeipata Jumanne, na kabla sijaifungua nilikuwa nimeshamwonyesha bahasha msusi wa mlango wa pili. Nikamwambia, "Unauona mwandiko huu? Huyu ndiye anayepandisha watu ghorofa kumi na nne na kuwashusha salama. Hata mkubwa gani akiingia humo, roho yake iko mikononi mwa mwanangu."

Akasema, "Mama Fundi, hilo ulishaniambia juzi."

"Na leo nakwambia tena. Kwani wewe binti yako anayepaka watu kucha umenitajia mara ngapi?"

Akacheka, akarudi kwenye nywele za watu.

Basi nikavaa miwani, nikasoma. Kurasa mbili. Mstari wa kwanza shikamoo, wa pili habari za mguu, wa tatu mkeo ananisalimu, wa nne jitunze Mama. Kuanzia hapo mpaka chini kabisa ni kaseti. Kaseti imekatika. Kaseti umeilia. Mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mwenye ndevu zake, ameketi juu ya ndoo ya grisi analilia utepe! Nilipofika hapo niliikunja barua upesi, maana msusi alikuwa ananitolea macho na angeuliza fundi anasemaje. Ningemjibu nini?

Mkeo simwonei wivu. Yeye nilimpima mwenyewe gauni la harusi, namjua mpaka upana wa mabega. Lakini huyo mwanamke wa kwenye kaseti ni nani? Ngoja nikukumbushe, maana unaandika kana kwamba yeye ndiye aliyekubeba tumboni. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mteja alileta koti la kijivu, kupunguza mikono. Siku hiyo mimi nilikuwa kliniki, akalipokea marehemu baba yako. Akaandika daftarini rangi ya koti, akaandika urefu wa mikono, jina la mwenyewe akasahau. Mteja hakurudi. Mfukoni kulikuwa na kaseti isiyo na karatasi wala jina. Nawe unajua sheria ya duka langu: kitu kikitoka mfukoni mwa mteja kinaingia kwenye kopo, kiwe kifungo kiwe pete, kinamngoja mwenyewe. Ukanilalia miguuni, "Mama, niisikilize mara moja tu." Nikasema isikilize mpaka mwenyewe aje.

Mara moja yenyewe hiyo, miaka ishirini na miwili!

Nyimbo nane, mwanamke mmoja, gitaa moja. Haikuwahi kupigwa redioni, hakuna mtu hapa mtaani anayeijua. Na ulipoondoka kwenda kuanza kazi, ile sweta niliyokufumia kwa macho haya uliisahau kitandani, ila kaseti uliifunga ndani ya soksi ili isigongwe.

Sasa unaniambia nilitazame koti, labda kuna jina kwenye bitana. Nitatazama nikipata nafasi. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Wako aliyekubeba tumboni,
Mama

20 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na sare zimepungua. Sisi wazima, ila mke wangu amekasirika kidogo kwamba unajua upana wa mabega yake na umeandika hivyo kwenye barua. Natania, Mama. Alicheka mpaka akakohoa.

Nimecheka na mimi kuhusu ndoo ya grisi. Ni kweli nilikuwa nimekaa hapo. Chumba cha mashine kiko juu kabisa ya jengo, hakuna anayefika ila sisi mafundi. Mota zinanguruma, kebo zinapanda na kushuka, na saa ya chakula nazima moja, naweka redio kaseti juu ya sanduku la vifaa. Mwenzangu huniambia, "Wewe una wake wawili, na huyu wa pili anakula betri tu." Namwacha aseme. Kwenye wimbo wa kwanza kuna sufuria inachemka na mtu hajafika. Wa tano hauna maneno kabisa, yule mama anaguna tu na gitaa linamfuata taratibu kama mtu anayemsindikiza mgeni. Nimezisikia maelfu ya mara na bado nikifika hapo naacha kutafuna.

Nimeuunga utepe kwa kipande chembamba cha karatasi ya gundi. Umekatika mahali pamoja tu: upande wa pili, wimbo wa tatu, mwanzoni. Kwingine kote bado ni mzima.

Lakini kukatika huko kumenishtua. Nimejiuliza, huyu mama yuko wapi? Anajua kwamba kuna mtu amekua na sauti yake? Sitaki kitu kwake. Nataka kumpa mkono na kumwambia asante. Kwa hiyo nakuomba tena, tazama bitana, tazama na daftari la zamani. Ukipata hata herufi mbili za jina, niambie. Nikimpata, naomba ruhusa kazini na kupanda basi siku hiyohiyo.

Mwanao akupendaye

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Kumbe ruhusa kazini huwa inapatikana. Nilikuwa sijui. Mimi mguu ulipovimba mpaka kiatu kikakataa, uliniandikia "pole Mama, loweka kwenye maji ya moto." Nililoweka. Ni mwaka wa tatu huu hujakanyaga hapa, nami nawaambia watu kwamba lifti za huko haziwezi kwenda bila wewe, na wananiamini kwa sababu nasema kwa sauti kubwa.

Koti nimelitazama. Halina jina. Tena limeliwa na wadudu, nimelikata matambara ya kupangusia mafuta ya cherehani. Daftari nalo lililowa zamani, likatupwa.

Kwa hiyo hakuna kitu. Yaishe.

Mkuu wa shule amesifia sare zangu mbele ya wazazi wote, amesema pindo kama zile hajaziona. Nilidhani ungependa kujua.

Mama yako, kama bado unamkumbuka

2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Umesema kweli kuhusu mguu na kuhusu miaka mitatu. Sina cha kujitetea. Nimeshaandika kuomba likizo, na safari hii si kwa ajili ya kaseti. Wakinijibu tu nitakwambia.

Koti lisikusumbue basi. Limeshakwenda. Hongera kwa sare. Mke wangu amesema pindo zako hata yeye alizishangaa, zile za gauni lake bado hazijafumuka.

Niambie hali ya mguu. Andika hata mistari miwili.

Mwanao

11 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila majibu, na wewe si mtu wa kuacha barua bila kujibu, hata ya kunigombeza. Nilipiga simu kwa msusi. Amesema, "Mama Fundi mzima, anakula, anatembea, lakini wiki ya ngapi sijui haimbi akishona. Nilimwuliza fundi wa lifti hajambo, akasema hajambo, akanyamaza hapohapo. Hajanisifia kitu! Nikajua kuna jambo."

Mama, kama ni mimi niliyekuudhi, nigombeze. Kama ni kitu kingine, niambie.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba mara mbili, kwa barua mbili. Mguu umepoa. Msusi ana mdomo mrefu kuliko misuko yake, lakini safari hii hakukosea.

Nina maneno mawili mazito. Naomba uyasome ukiwa umekaa, hata kama ni kwenye ile ndoo.

La kwanza. Barua yako ya Februari ilinifikia Jumatano. Ijumaa yake, nikiwa natia uzi kwenye bobini, mtu akabisha hodi. Hodi moja tu, mwanangu, na uzi ukaniponyoka. Nilikuwa sijainua hata uso. Sauti ile nimekaa nayo nyumba moja miaka tisa, ingenipotea vipi? Ilikuwa imezeeka, imepata kama vumbi ndani yake, lakini ni yeye.

Nikatazama. Mwanamke mnene, mfupi, kichwani mvi, mkono mmoja una alama ya kuungua. Nilikuwa nimejitengenezea picha ya mwanamke mrembo wa kuvunja nyumba za watu! Akasema, "Dada, utanicheka. Niliacha koti hapa, miaka ishirini na kitu imepita. La kijivu, kupunguza mikono. Nilikuwa mpishi wa hospitali, nikahamishwa wiki ileile ghafla. Sasa nimestaafu nimerudi, nikasema nipite tu."

Koti lilikuwa nyuma ya pazia, mwanangu. Liko pale tangu siku ile na kile kikaratasi alichokiandika baba yako kimebanwa kwa pini. Sikulikata matambara. Daftari nalo lipo. Mkono wangu ungeweza kulifikia koti bila kuinuka.

Nikasema, "Halipo."

Miaka thelathini na moja nashona, sijawahi kumwambia mteja halipo na kumbe lipo. Hata kifungo. Msusi huwa ananisema kwa watu kwamba najisifu, lakini hajawahi kusema kwamba nimekula kitu cha mtu.

Yeye akacheka. "Koti si kitu, dada. Mfukoni mlikuwa na kaseti. Tulirekodi mimi na kaka yangu, chumbani kwake, mchana wa Jumamosi mbili, tukatoa nakala tano za kugawia jamaa. Kaka ameshafariki. Hizo nyingine zote zimepotea. Nilikuwa nataka kumsikia akipiga gitaa." Akaandika anakoishi kwenye karatasi, akaniachia, "labda utaiona." Akanishukuru! Mimi nikaichukua karatasi nikaitia kwenye kopo, chini ya vifungo, nikakuandikia ule uongo wa wadudu.

Kwa nini? Kwa sababu ulisema utapanda basi siku hiyohiyo. Niliona utashuka hapo kituoni, utapita mlangoni kwangu unakwenda kwake, na msusi anatazama.

La pili ni la zamani zaidi, na hili ndilo linanifanya nisiimbe. Unakumbuka ulivyougua matubwitubwi? Shingo ilikuwa imejaa kama ya kiboko. Nilikaa kitandani kwako nikakuimbia, ule wimbo niliokuimbia tangu unanyonya. Ukafumbua macho ukasema, "Mama, nyamaza kidogo nisikie." Redio ilikuwa inacheza ile kaseti. Ulitaka kumsikia yeye.

Nilinyamaza. Mtoto mgonjwa hajui anachosema, najua. Lakini neno lile liliingia, halijatoka mpaka leo. Kesho yake mchana ukiwa umelala nilichukua ile redio ya baba yako nikaiweka mezani kwenye cherehani, nikabonyeza kitufe chekundu, kile cha kurekodi. Nilitaka kumfuta, mwanangu. Nimfute wote, upande huu na upande ule, ukiamka ukute kimya. Ikazunguka kidogo, nikaogopa, nikazima. Nilipoiwasha tena icheze, ikaendelea katikati ya neno, nikajua wimbo wa tatu umekatwa kichwa. Sikukwambia. Ukapona, ukaendelea kuisikiliza, hukusema neno, nikajua hukugundua.

Sasa wewe mwenyewe umeandika: upande wa pili, wimbo wa tatu, mwanzoni. Ni pale pale. Ni mkono wangu ulioudhoofisha utepe ule, umengoja miaka yote hii ukakatika.

Ile karatasi ya anakoishi nimeiambatanisha humu. Ni nyuma ya tangi la maji, mlango wa bluu. Panda basi, nenda kwake moja kwa moja. Sitakuwa na neno. Msusi na atazame.

Mama yako

2 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma kwenye ndoo kama ulivyoagiza. Mwenzangu akaniuliza, "Imekatika tena?" Nikamwambia hapana, toka nje kidogo.

Mama, nilijua.

Nilijua wiki ileile ya matubwitubwi. Nilipoweza kuketi niliweka upande wa pili, nikafika wimbo wa tatu, nikasikia cherehani. Inakwenda, inasimama, inakwenda. Kisha wewe. Unadhani ulinyamaza? Hukunyamaza. Umesema, naandika neno kwa neno maana nimeshika kwa moyo: "Haya imba sasa. Imba tena tukuone. Sauti unayo, ndiyo, lakini unajua huyu mtoto tangu jana amekula vijiko vitatu vya supu? Hujui. Mimi najua." Halafu unavuta kamasi. Halafu cherehani tena, na unaguna ule wimbo wangu, nusu yake, kisha tak, umezima. Na yule mama anadakia katikati ya neno kana kwamba alikuwa amekupisha umalize.

Sikukwambia nimeisikia kwa sababu niliogopa utaifuta.

Nilipofika huku mwaka wa kwanza, chumba kimoja, simjui mtu, nilikuwa naisikiliza kaseti yote kwa sababu naipenda, na sitakudanganya, Mama, yule mama nampenda, nyimbo zake zimenikuza. Lakini pale kwenye wimbo wa tatu nilikuwa narudisha nyuma. Nasikiliza, narudisha. Nasikiliza, narudisha. Miaka kumi na tatu. Fundi wa redio aliyeitazama aliniambia, "Kaka, utepe huu umechoka mahali pamoja tu, hapa ulikuwa unafanya nini?" Nikamlipa, nikaondoka.

Mkono wako haukukata kitu. Umekatika kwa kurudishwa. Na nilipokaa kwenye ndoo nikalia, nilidhani nimepoteza vile vijiko vitatu vya supu.

Sasa nina ombi moja, na ni la kazi, fundi kwa fundi. Mimi siendi kwa mlango wa bluu kwanza. Nenda wewe. Koti liko dukani kwako, lilipokelewa na duka lako, litoke kwa mkono wako. Mwambie kaseti ipo, nyimbo saba nzima na moja imekatwa kichwa, na gitaa la kaka yake linasikika vizuri sana. Mwambie inakuja na mimi.

Likizo wamenipa. Naondoka alfajiri ya Jumamosi tarehe 14, na mke wangu.

Mwanao, aliyekula vijiko vitatu

9 Juni

Mwanangu, fundi wangu, furaha yangu,

Marahaba zote, na ya akiba nimeipokea. Mimi mzima, mguu mzima, na msusi ameniomba nipunguze kuimba, eti wateja wake hawasikii wanachoulizwa. Barua yako nimemsomea kile kipande cha sauti yangu na cherehani. Nilimsomea mara tatu. Ya tatu alikuwa amejifunika uso kwa taulo la wateja. Nikamwambia, "Binti yako wa kucha ameshakurudisha nyuma wewe miaka kumi na tatu?"

Nimekwenda kwa mlango wa bluu. Kwanza nilikaa chini nikapunguza ile mikono ya koti, maana kazi ilipokelewa na haikufanywa, sikutaka kupeleka nusu. Nilibisha hodi, akafungua, akaliona koti mkononi mwangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema tu, "Lilikuwepo. Siku ile nilikudanganya." Akanitazama, akasema, "Nilijua, dada. Niliona mkono wa koti chini ya pazia. Nikasema huyu mama ana jambo lake, nitarudi likiisha."

Akalivaa. Halifungi! Miaka ishirini na miwili ya kuonja vyungu vya hospitali si mchezo. Tumecheka mpaka akashika ukuta. Kwa hiyo nimelirudisha dukani kulitanua mbavuni, kitambaa cha akiba kipo, na daftarini safari hii nimeandika jina.

Nilimweleza habari ya kitufe chekundu. Nilidhani atakasirika. Akauliza nilifuta mpaka wapi, nikamwambia mpaka katikati ya neno. Pale pale jikoni, mkononi ana mwiko, akauimba ule mwanzo. Nimeusikia kwa mara ya kwanza tangu nilipoufuta. Unahusu mtu anayengoja mlangoni na hataki kuonekana kwamba anangoja.

Anaimba vizuri. Nimesema mara moja, usiniulize tena ukifika.

Kaseti njoo nayo, mwachie amsikilize kaka yake kwa muda anaotaka. Ni yake, imetoka mfukoni mwake. Lakini pale nilipozungumza mimi pasikatwe wala pasifutwe, nimemwambia, na amekubali. Amesema ataimba ule mwanzo upya kwenye kaseti nyingine, ukae nao, uwe na vyote viwili.

Sasa sikiliza ratiba. Basi lenu linafika Jumamosi saa sita mchana. Koti lake litakuwa tayari, na yeye anakuja dukani kulijaribu. Nimemwambia aje saa kumi. Aliuliza kwa nini asije saa sita akupokee na yeye kituoni, nikamwambia vifungo vitakuwa havijakauka gundi. Vifungo havitiwi gundi, na hata mpishi wa hospitali analijua hilo, amenitazama tu akatabasamu.

Saa kumi ni yake. Kuanzia saa sita mpaka hapo ni yangu. Usishuke basi ukiwa na usingizi.

Mama yako, anayengoja mlangoni na aonekane